Picha ya Mama Imefifia: Irudishe Bila Kumchubua

Jumamosi moja mchana, tulipokuwa tumemaliza kupanga nguo za misaada kanisani, bibi mmoja wa mtaani kwetu alitushika mkono akatuketisha pembeni kwenye benchi. "Shikamoo bibi," tulimwamkia. "Marahaba mwanangu," aliitika, kisha akafungua mkoba wake na kutoa bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na picha mbili.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, ukubwa wa kadi ya posta, imeliwa na wadudu pembeni, na rangi yake ilikuwa kama chai ya maziwa. Ilimwonyesha mwanamke ameketi kwenye kiti, gauni jeupe, mikono juu ya mapaja. Uso wake ulikuwa kivuli kitupu. Ya pili ilikuwa kubwa, mpya, ndani ya fremu ya kioo. Wajukuu walikuwa wameipeleka ile ndogo kwenye duka la picha mjini ili isafishwe na kukuzwa, wakalipa fedha nzuri. Mwanamke yule yule sasa alikuwa mweupe kama aliyepakwa unga wa ngano, ngozi laini kama sahani ya udongo.

"Sista," alisema bibi, kwani wengi hutuita hivyo kwa ajili ya kazi yetu ya uuguzi, "hii ndogo ni mama yangu, lakini simwoni. Hii kubwa namwona vizuri, lakini si mama yangu. Mama alikuwa na kovu hapa." Aligusa juu ya nyusi yake ya kushoto. "Aliangukia mawe ya kisimani alipokuwa binti. Wamelifuta."

Hapakuwa na picha nyingine ya mama huyo popote duniani. Na bibi mwenyewe ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili, wakati huo akisubiri upasuaji. Alichokihofia ni kwamba yeye akiondoka, watoto wa wajukuu watamjua yule mwanamke wa unga kuwa ndiye mama wa ukoo.

Tuliichukua ile picha ndogo. Katika makala haya tunaeleza tulivyoitengeneza kwa kompyuta, maana akina mama wengi wanazo picha kama hiyo kabatini, na kazi hii si ngumu kama inavyodhaniwa.

KUNG'ARISHA SI KUTOFAUTISHA

Sisi wauguzi tumezoea kuona daktari akiinua picha ya eksirei kwenye taa. Picha ikiwa nyeupe mno, mfupa uliopasuka hauonekani. Ikiwa nyeusi mno, hauonekani pia. Kinachomsaidia daktari ni tofauti kati ya kijivu hiki na kijivu kile. Picha ya uso ni hivyo hivyo. Pua, mashavu na kovu tunavijua kwa sababu upande mmoja una mwanga na mwingine una kivuli. Tofauti ile ikipungua, uso unakuwa bapa.

Mtu mwenye mtoto wa jicho huumia zaidi. Lenzi ya jicho ikipata ukungu, mwanga hutawanyika ndani ya jicho, na vitu vyenye rangi zinazokaribiana huungana. Mgonjwa anaweza bado kusoma herufi kubwa nyeusi kwenye karatasi nyeupe, lakini jioni haoni ngazi ya saruji inapoishia. Ndiyo maana bibi aliliona gauni jeupe la mama yake, lakini uso hakuuona.

Sasa tuone kosa la lile duka. Kompyuta hupima kila nukta ya picha ya kawaida kwa namba, kuanzia 0 ambayo ni nyeusi kabisa hadi 255 ambayo ni nyeupe kabisa. Katika picha ya bibi, giza kuu lilikuwa 90 na weupe mkuu ulikuwa 200. Uso wote ulijibana kati ya 105 na 125, yaani hatua 20 tu za kijivu kwa ajili ya macho, pua, midomo na kovu.

Mtu akiongeza mwanga peke yake, tuseme 60 kwa kila nukta, uso unakwenda 165 hadi 185. Umekuwa mweupe, lakini hatua ni zile zile 20. Na gauni lililokuwa 200 linapita 255, kwa hiyo mikunjo yake inafutika. Lakini tukivuta picha yote ili 90 iwe 0 na 200 iwe 255, uso unatanda kutoka karibu 35 hadi 81. Sasa una hatua 46, zaidi ya mara mbili, na bado ni uso wa mwanamke mweusi. Hiyo ndiyo siri ya kazi nzima.

KWA NINI NYUSO ZETU ZILIINGIA GIZANI

Wengine husema picha za zamani za Waafrika zilikuwa mbaya kwa sababu ya ngozi zetu. Si kweli. Kipimo cha mwanga cha kamera hukisia kwamba kilichoko mbele yake ni cha kijivu cha kati. Mama akivaa gauni jeupe na kukaa mbele ya ukuta mweupe, kipimo hudhani mwanga ni mwingi na kuupunguza. Gauni linatoka vizuri, uso unazama. Tena filamu za kale kabisa hazikuuona mwanga mwekundu, na ngozi ya kahawia hurudisha zaidi mwanga wa upande huo, basi ilitoka nyeusi kuliko ilivyo.

Wapiga picha waliozijua nyuso zetu waliliweza jambo hili. Seydou Keïta alifungua studio yake mjini Bamako, Mali, mwaka 1948, akatumia mwanga wa jua uani na vitambaa vya maua nyuma ya wateja wake. Nyuso katika picha zake ni nyeusi na kila kitu kinaonekana. Hapa kwetu, Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, ilipiga picha za familia nyingi za visiwani.

Habari za Keïta zina somo jingine. Wateja wake walichukua picha ndogo zenye kijivu cha upole. Miaka ya 1990 filamu zake zilipochapwa upya kwa ajili ya maonyesho ya Ulaya na Marekani, nyingi zilitolewa kubwa mno, na weusi na weupe mkali sana. Wapo waliozisifu, na wapo waliosema kwamba hizo si zile alizozitoa mwenyewe. Kwa hiyo hata kutofautisha kuna kipimo chake. Chumvi ikizidi huharibu mchuzi.

KABLA YA KUWASHA KOMPYUTA

Nawa mikono na uikaushe. Shika picha kwa kingo zake. Pangusa vumbi kwa brashi laini, wala usipanguse kwa maji au spiriti. Usibandike gundi ya plastiki palipochanika, wala usiitie picha ya asili kwenye karatasi ya nailoni inayochomwa kwa moto, maana haitatoka tena.

Picha za weusi na weupe hufanywa kwa chembe za madini ya fedha. Joto, unyevunyevu na mabaki ya dawa ambayo hayakusuuzwa vizuri studio huzibadili chembe hizo, ndipo picha inapogeuka manjano na kufifia. Kwa hiyo usiiache ukutani penye jua, wala kwenye sanduku lililo chini ya dari inayovuja.

Skana ndiyo njia bora. Kwa picha utakayoichapa kwa ukubwa ule ule, vipimo 300 kwa inchi vinatosha. Ukitaka kuikuza mara mbili kila upande, weka 600. Skani kwa rangi, hata kama picha ni ya weusi na weupe. Sababu ni hii: faili la rangi lina tabaka tatu, jekundu, kijani na la buluu. Picha iliyofifia na kuwa manjano mara nyingi huonyesha tofauti zaidi katika tabaka la buluu. Na kama picha ni nzima ila ina doa la manjano, tabaka jekundu hulipunguza doa lile. Yaangalie yote matatu, uchague linaloonyesha uso vizuri.

Asiye na skana atumie simu. Laza picha mezani karibu na dirisha, mwanga utoke ubavuni, zima flashi, na shika simu sambamba na meza ili picha isipinde.

Hifadhi faili la kwanza bila kuligusa, kisha fanya kazi kwenye nakala. Tumia mtindo wa TIFF au PNG. JPEG hupoteza kidogo kila unapolihifadhi upya.

HATUA KWA HATUA

Programu inayojulikana zaidi ni Photoshop, iliyotoka mwaka 1990, nayo inalipiwa. Sisi tulitumia GIMP, ambayo ni ya bure na imekuwapo tangu mwaka 1996. Kijana wa dada yetu alituwekea na kutufundisha jioni mbili.

Kwanza, fungua nakala, uende kwenye Colors, kisha Levels. Utaona kilima cheusi kilichochorwa kwenye kisanduku. Hicho huonyesha nukta ngapi ziko gizani, ngapi katikati na ngapi kwenye mwanga. Picha iliyofifia ina kilima kilichojibana katikati, kushoto na kulia pakiwa patupu. Chini yake kuna pembetatu tatu. Isukume ya kushoto hadi kilima kinapoanza, na ya kulia hadi kinapoishia. Usiingie ndani ya kilima, maana kila unachokipita kinakuwa nyeusi tupu au nyeupe tupu. Uso utajitokeza papo hapo.

Pili, pembetatu ya katikati. Inaanza kwenye 1.00. Kama uso bado umezama, isogeze taratibu hadi 1.10 au 1.15. Sisi tulisimama kwenye 1.15. Ukienda mbali, ngozi inakuwa ya majivu.

Tatu, nenda Colors, kisha Curves. Hapo kuna mstari ulionyooka kutoka kona hadi kona. Mahali unapoufanya mstari kuwa mkali kama mlima, tofauti inaongezeka, na unapoulaza, tofauti inapungua. Mafundi wengi hufundisha kuukunja kama herufi S. Herufi hiyo huwafaa watu ambao uso wao uko katikati ya kijivu. Kwa uso mweusi ni hatari, kwa sababu sehemu ya chini ya S hulaza mstari pale pale ulipo uso wetu. Sisi tuliweka alama moja chini kidogo ya kijivu cha uso ili giza lisipande, kisha alama nyingine juu kidogo ya uso, tukaiinua kwa upole. Mstari ukawa mkali hasa kwenye uso. Kovu la juu ya nyusi likaonekana.

Nne, sehemu ndogo ndogo. Zamani fundi wa chumba cha giza alikinga mwanga kwa kiganja ili sehemu moja isiwe nyeusi mno, au aliuruhusu uzidi mahali pengine. Katika programu kazi hiyo inaitwa Dodge na Burn. Chukua brashi kubwa yenye ukingo laini, uipunguze nguvu hadi kama asilimia 10, upitishe mara moja moja kwenye shavu au paji la uso. Usiyafanye macho na meno yang'ae kama taa. Hakuna mtu mwenye macho meupe kama karatasi, na muuguzi yeyote atakwambia hivyo.

Tano, vumbi na mikwaruzo. Ukiongeza tofauti, uchafu nao unaongezeka, kwa hiyo uondoe mwisho, kwa kifaa kiitwacho Heal. Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu. Doa la karatasi lifutwe. Kovu, chale, baka na pengo la jino ni vya mtu mwenyewe. Ukiwa na shaka, muulize mzee aliyemjua.

Sita, chapa karatasi moja ndogo ya majaribio. Kioo cha kompyuta hutoa mwanga wake chenyewe, karatasi haina mwanga. Giza lililoonekana kwenye kioo huweza kuzama kwenye karatasi. Iangalie karibu na dirisha, urekebishe, kisha chapa kubwa. Kwa mzee mwenye macho dhaifu, tumia karatasi isiyong'aa, ili taa isimrudie machoni.

Anayetumia simu tu anaweza kupata programu ya bure kama Snapseed, nayo ina mstari ule ule wa Curves. Kama huoni mstari huo, tafuta vitufe vya vivuli na mwanga mkali. Inua vivuli kidogo, shusha mwanga mkali kidogo, ndipo uongeze tofauti. Usiguse kitufe cha "urembo". Hicho ndicho hulainisha ngozi na kufuta makovu.

MWACHA ASILI

Tulipokuwa tukifanya kazi hii, mjukuu mmoja wa bibi, msichana wa miaka kumi na minane, alikuja kutuangalia. Alitazama picha zote mbili akasema kwa sauti ndogo, "Lakini anti, ile nyeupe amependeza zaidi."

Hatukumgombeza. Tulimwuliza amejifunza wapi kwamba weupe ndio uzuri. Hakujibu, lakini mikono yake ilijibu. Vifundo vya vidole vilikuwa vyeusi na sehemu nyingine imepauka, alama tunayoijua sana kliniki. Katika kazi yetu tumeona wanawake walioharibika ngozi kwa krimu zenye zebaki na haidrokwinoni. Zebaki hupita kwenye ngozi na kudhuru figo, na mama mjamzito huweza kumpitishia mtoto tumboni. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huweza kuleta madoa ya bluu na nyeusi yasiyotoka.

Tulimwambia, "Mama wa bibi yako hakujichubua maisha yake yote. Je, tumchubue sisi leo kwa kompyuta, wakati hawezi kukataa?" Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Binti alikaa kimya. Baadaye alivuta kiti, akatusaidia kuchagua alama za mstari. Wiki iliyofuata alikuja kliniki peke yake kuuliza habari za ngozi yake.

Akina mama wenzetu, hili tuliangalie nyumbani. Watoto wetu huziona picha tunazozitundika ukutani kila siku. Picha ya bibi yao ikiwa imepakwa unga, tumewafundisha jambo bila kufungua mdomo.

SIKU YA KUMKABIDHI

Tulimpelekea bibi picha mpya jioni moja, tukamkalisha dirisha likiwa nyuma ya bega lake ili mwanga uangukie kwenye karatasi. Aliiweka karibu sana na uso. Kwa muda mrefu hakusema. Kisha akatembeza ukucha wake juu ya karatasi, polepole, hadi ukasimama juu ya nyusi ya kushoto. "Hili hapa," alisema. "Mama." Akaifunika picha kwa khanga, akalia kidogo, nasi tukakaa naye.

Miezi miwili baadaye alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Mtoto wa jicho si ugonjwa wa kuuzoea kwa kuwa mtu amezeeka. Lenzi yenye ukungu huondolewa na nyingine ya bandia huwekwa, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile. Kama nyumbani una mzee anayepapasa ukuta, mpeleke akapimwe.

Bandeji ilipotolewa, kitu cha kwanza alichokitaka ni ile picha. Aliitazama sana, kisha akatuita kwa malalamiko. "Sista, mbona mkono wa kulia umebaki gizani?" Ilikuwa kweli. Mkono ule ulikuwa kwenye kivuli cha kiti, na kwenye karatasi ya asili hapakuwa na kitu chochote, giza tupu. Tulimweleza kwamba kompyuta huweza kutandaza kilichopo, haiwezi kurudisha ambacho kamera haikukipata. Programu za siku hizi zinaweza kubuni mkono, lakini utakuwa mkono wa mtu mwingine.

Bibi alifikiri kidogo. "Basi uacheni hivyo hivyo," alisema. "Mkono wake mimi naukumbuka."

Ile picha kubwa ya duka aliitoa kwenye fremu, akaweka hii yetu. Wajukuu wote walipata nakala. Nyuma ya kila nakala, kwa penseli laini ambayo haitoboi karatasi, tuliandika jina la mama huyo, kijiji chake, na jina la aliyetusimulia. Fanya nawe hivyo juma hili, wakati mzee wa nyumbani angali anaweza kukwambia nani ni nani.